Pumzi za Bi Barke

Kabla ya kumpakia mavyaa wake kwenye mkokoteni, Zakia alimsugua meno. Alitumia mswaki na unga wa mkaa, akasugua mpaka fizi zikachubuka, kisha akamsukutua kwa maji ya chumvi na kumfuta midomo kwa ncha ya kanga. Bi Barke, ambaye tangu juzi alikuwa akimwita marehemu mumewe aje ale wali unapoa, alifumbua jicho moja.

"Napelekwa harusini?"

"Unapelekwa kwa daktari, mama."

"Basi mbona wanipamba?"

Hussni, mwanawe, aliyekuwa ameshika mikono ya mkokoteni, alicheka kidogo kisha akageuza uso. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku mbili kwa mama yake kusema neno lililoelekea. Kabla ya hapo alitapika, akaanguka akienda chooni, akanywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na akamuuliza Zakia, aliyekuwa mke wa mwanawe kwa miaka tisa, yeye ni binti wa nani.

Sababu ya kusugua meno ilijulikana na kila aliyeishi katika ghala la bandarini lililogeuzwa makao ya waliofukuzwa makwao. Wiki tatu nyuma jirani yao Mwanalima alikwenda kwenye hospitali ya mahema ya wageni kwa ajili ya kichwa. Akiwa kwenye foleni akatema tambuu kando ya mlango. Wahudumu, ambao hawakuwa wamewahi kuona mate mekundu ila ya mgonjwa wa kifua, walimchukua mbio wakamtia katika hema la kifua kikuu, mwisho kabisa karibu na uzio wa waya, akakaa humo siku kumi na moja. Alirudi mzima na kichwa chake kikimuuma vilevile. Tangu hapo mtu wa ghalani hakwenda hospitali na kinywa chekundu.

Langoni karani aliuliza jina, umri na kabila.

"Mbajuni," alisema Hussni.

Karani alipitisha kalamu juu ya fomu, kutoka juu hadi chini. "Hicho hakimo. Hapa kuna visanduku vya koo. Ninyi ni wa ukoo gani?"

"Sisi ni wachu wa Fuma," alisema Hussni, akimaanisha watu kwa lugha ya kwao.

"Fuma ni kisiwa, si ukoo. Niandike nini?"

Bi Barke aliinua kichwa kutoka kwenye mkokoteni. "Andika mchu," alisema. "Mchu mmoja, mgonjwa."

Karani alitia alama kwenye kisanduku cha mwisho, cha "wengineo", akawaonyesha hema kwa kidole bila kuwatazama.

*

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke, na alizungumza Kiswahili cha Lamu. Jina lake Fathiya. Shirika la misaada lilikuwa limemwajiri Mombasa kwa miezi sita. Alimgusa Bi Barke ngozi ya mkono, akatazama ulimi, akasikiliza kifua, kisha akasimama kimya huku ametupia macho saa yake kwa dakika nzima.

"Anapumua mara tisa," alisema. "Mtu mzima aliyelala hupumua kumi na mbili na kuzidi. Anatumia dawa gani?"

"Vidonge vyeupe vya kiungulia," alijibu Hussni. "Kavipata zahanati ya posho. Anavitafuna kama peremende."

"Nyingine?"

"Hakuna."

Daktari alitazama meno ya Bi Barke, ambayo mkaa uling'arisha lakini haukuweza kuyaondolea rangi ya miaka hamsini. "Anakula tambuu?"

Zakia alifungua kinywa kujibu. Hussni akamtangulia. "Alikuwa akila kwetu, Fuma. Hapa na vita hivi tambuu itatoka wapi, daktari?"

Jibu lilikuwa la akili, na daktari alilikubali. Alichukua bomba dogo la sindano, akapapasa kifundo cha mkono wa mgonjwa mpaka akapata panapodunda, akachoma.

"Yallah!" Bi Barke alipiga kelele. "Huyu msichana anatafuta nini humo? Si mfupa huo?"

"Natafuta damu inayotoka moyoni, bibi. Ya mshipa wa kawaida hainifai."

"Ungeniuliza ningekwambia ilipo."

Mashine ilikuwa ndogo, ya kukaa juu ya meza. Ililetwa kwa ajili ya askari wa kigeni wanaopigwa risasi, na kila kipimo kilikula kikasha kimoja cha plastiki. Daktari Fathiya alikuwa ameomba vikasha kwa ajili ya wagonjwa wa mjini akapewa vinne kwa mwezi mzima. Kimoja alikwisha kukitumia kwa mtoto wa kuhara. Baada ya dakika mbili mashine ilitoa kikaratasi chembamba kama cha dukani.

Zakia alikisoma kichwa chini kutoka upande wake wa meza. Kabla ya vita alifundisha hesabu shule ya msingi hapahapa Kismayu, na nambari iliyo mbele yake hakuweza kuiacha bila kuisoma.

"Saba nukta tano sita," alisema. "Ni ya nini?"

Daktari alimtazama upya. "Ni kiasi cha asidi katika damu. Ya mtu mzima haitoki kati ya saba nukta tatu tano na saba nukta nne tano. Ikishuka chini ya hapo, asidi imezidi. Ikipanda, asidi imepungua, au kinyume chake kimezidi."

"Kinyume chake ni nini?"

"Magadi ni mfano. Sabuni."

Zakia alifikiri. "Doa la manjano ya mchuzi kwenye nguo," alisema. "Ukilifulia sabuni linageuka jekundu. Ukilikamulia ndimu linarudi manjano."

"Hilohilo. Nani kakufundisha?"

"Jikoni."

Daktari akavuta kiti. Alieleza kwa utaratibu, bila kupamba, na Zakia akampenda kwa hilo. Mwili hutengeneza asidi kila saa, usiku na mchana, kwa kuishi tu. Mapafu huitoa moja kwa njia ya pumzi, kwa sababu hewa tunayoitoa ikiyeyuka katika damu ni asidi. Figo huitoa nyingine kwa mkojo. Hao wawili ndio wanaoshika nambari isitoke mahali pake. Figo hufanya kazi yake kwa siku, mapafu kwa dakika.

"Sasa tazama hii ya pili. Ni ile hewa. Hamsini na mbili. Ingefaa iwe arobaini. Na hii ya tatu ni bikaboneti, ile inayofanana na magadi. Arobaini na tano, na ingefaa iwe ishirini na nne. Yaani magadi ya damu yamezidi karibu mara mbili, na mapafu yanajitahidi kuibakiza asidi iliyomo kwa kupumua polepole. Haya mara tisa si uvivu wa mapafu, wala si kwamba anakata roho. Anajitibu."

"Anajua kwamba anajitibu?"

"Yeye hajui. Mapafu yanajua."

"Na yakishindwa?"

"Moyo utakwenda kombo. Akili imekwisha kwenda kombo, umeona mwenyewe." Daktari alikunja kikaratasi. "Nitamwekea dripu ya maji ya chumvi na nitaviondoa vile vidonge. Katapika sana, na kutapika humwaga asidi ya tumbo. Huenda ndiko kulikoanzia. Ikiwa ni hivyo atarudi sawa. Ikiwa sivyo, nina vikasha viwili tu vya kuniambia."

*

Jioni hiyo Zakia alileta mchuzi wa samaki, na chini ya kibakuli, ndani ya kitambaa, kijaluba, kile kisanduku kidogo cha tambuu.

Hakuona kama anafanya kosa. Daktari aliuliza dawa, na tambuu si dawa. Tambuu ilikuwa ndiyo Bi Barke mwenyewe: sauti ya kijaluba kikifunguliwa, harufu ya katu inayotiwa kwenye jani, na maneno ya kuchokoza yanayofuata. Walipofukuzwa Fuma, watu wenye bunduki walichukua mashine ya mtumbwi, nyavu, mabati ya paa, na kile chombo cha shaba ambacho Bi Barke alikitemea tangu alipoolewa. Kijaluba kilisalimika kwa sababu alikikalia.

Ghalani majani ya tambuu yalifika mara chache, kutoka kwa wachuuzi wa Lamu, na Zakia alilikata kila jani vipande vinne. Popoo, ile kokwa inayotafunwa pamoja na jani, ilikwanguliwa kama kungumanga. Kilichokuwa tele ni chokaa ya kupaka jani, kwa kuwa Hussni alikuwa mwana wa mchoma chokaa na mwenyewe aliijua kazi hiyo. Aliokota makombe ufukoni, akayachoma kwa mbao za masanduku ya posho katika pipa lililotobolewa, akayazimua kwa maji, akayachunga kwa kitambaa mara tatu. Chokaa yake ilikuwa nyeupe na laini kuliko ya kununua, na ilikuwa ndiyo kitu cha pekee mjini Kismayu alichoweza kumpa mama yake akaona fahari. Ili isimchome mama kinywani, maana jani lilikuwa dogo mno, Zakia alibuni kuikanda na maziwa ya unga. Ikawa kama siagi. Bi Barke alisema hajapata kula tambuu laini kama hiyo, akawa anaomba mara saba, mara nane kwa siku.

Kule hemani Zakia alimtilia tambuu kinywani akamfunika kwa kanga. Bi Barke akatafuna taratibu, macho yamefumbwa.

"Sasa najua niko wapi," alinong'ona.

"Uko wapi, mama?"

"Kwa wachu wasio na mahali pa kutema."

Akameza.

*

Siku mbili Zakia alikuja asubuhi na jioni. Jumatatu, kabla hajatoka, mapigano yakaanza upande wa uwanja wa ndege, na askari wakafunga barabara ya bandari. Siku tatu hakuna aliyetoka ghalani. Watu walilala chini, magodoro yamesimamishwa kwenye madirisha. Risasi zilipiga paa zikaanguka zikilia kama kokoto kwenye sinia.

Zakia alilala ubavu kwa ubavu na Hussni akihesabu. Aliyekuwa hemani hakuwa na mtu wa kumwosha, wala wa kumlisha, wala wa kumjibu. Mara tisa kwa dakika. Akajaribu kupumua mara tisa yeye mwenyewe. Aliona kizunguzungu kabla dakika haijaisha.

"Amekufa peke yake," alisema Hussni siku ya pili, kama anayesoma tangazo.

"Hajafa. Wangeleta habari."

"Nani? Karani? Atamwandika kwenye kisanduku gani?"

Alhamisi asubuhi barabara ilifunguliwa, wakaenda mbio. Bi Barke alikuwa ameketi. Aliketi kitandani na dripu mkononi, akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi ya kumchuna papa.

"Zakia," alisema, na jina lilikuwa sahihi. "Mmechelewa. Hawa wanapika uji kama gundi ya karatasi."

Hussni alipiga magoti, akaweka uso kwenye kiganja cha mama yake, akakaa hivyo.

Daktari Fathiya alikuwa hajalala siku tatu. Nguo yake ilikuwa na damu ya watu wengine. Alitoa kikaratasi mfukoni. "Cha jana. Saba nukta nne saba. Bado kidogo tu. Pumzi kumi na tatu. Ni dripu, na vile vidonge tulivyoviondoa. Jumapili ataondoka."

Zakia alilia kwa furaha njia nzima ya kurudi. Na jioni, kwa furaha hiyohiyo, alikuja na kijaluba kilichojaa.

*

Jumapili Bi Barke hakumjua mtu. Alitapika uji, akamwita Zakia kwa jina la dada yake aliyezama, na midomo yake ilichezacheza kama ya samaki. Pumzi zilikuwa tisa tena.

Daktari alitumia kikasha cha mwisho. Kikaratasi kilipotoka alikiweka mezani karibu na vile viwili vya kwanza, akaviweka sambamba kwa ncha ya kalamu.

"Saba nukta tano tano," alisema. "Dripu ni ileile. Vidonge hakuna. Tangu Jumatano mpaka leo asubuhi hakutapika. Sina ninaloweza kulieleza hapa." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirishwa na hesabu, si na watu. "Nisaidieni. Kati ya Jumatano na leo kimebadilika nini?"

"Hakuna," alisema Hussni. "Ila tumeweza kuja."

Zakia alitazama vikaratasi. Cha kwanza, Jumamosi. Cha pili, Jumatano, baada ya siku tatu za risasi. Cha tatu, leo, baada ya siku tatu za amani. Mwalimu aliyekuwa ndani yake alikuwa amekwisha kuliona jibu kabla mke wa mwana hajakubali kulitazama. Nambari ilishuka alipokosekana. Ilipanda alipokuja.

Mikono yake ilikuwa juu ya meza. Asubuhi alikuwa ametwanga manjano kwa ajili ya mchuzi, na vidole vilibaki na rangi yake, isipokuwa cha shahada na gumba. Hivyo viwili vilikuwa vyekundu. Ndivyo alivyochotea chokaa, nayo ilikuwa imeyageuza manjano kama sabuni.

Alikuwa ameviona vidole vyake hivyo siku nyingi. Aliviosha kila siku.

"Hussni," alisema, "toka nje kidogo."

"Kwa nini?"

"Toka tu, bwana."

Hakutoka. Basi akaufungua mkoba mbele yake, akatoa kitambaa, ndani yake kijaluba, akakifungua juu ya meza ya daktari kati ya mashine na vikaratasi. Vipande vinne vya jani. Popoo iliyokwanguliwa. Na donge la chokaa nyeupe, laini kama siagi.

"Ni mimi," alisema. "Kila nilipokuja. Nimeikanda na maziwa."

Daktari alilitazama lile donge. "Na vidonge vya kiungulia," alisema polepole, "navyo ni chokaa. Anatema?"

"Anameza. Ghalani tunalala familia kumi na nne, hakuna pa kutema. Na hapa mliona mate ya Mwanalima mkamtia hema la kifua." Akakisogeza kijaluba upande wa daktari. "Tulimsugua meno tukakudanganya. Usimlaumu mume wangu. Mpeleke mama unakotaka, lakini mpe dawa."

"Dawa ni kuacha," alisema Daktari Fathiya. "Chokaa na maziwa vikizidi, figo huchoka, na figo zikichoka haziwezi kuyatoa magadi ya damu. Siku zile tatu barabara ilipofungwa ndizo zilizomtibu." Alifunga kijaluba kwa uangalifu, kama kitu cha thamani, akakirudisha upande wa Zakia. "Bibi yangu Lamu alikufa na kijaluba mkononi. Niliyaona meno ya mama yenu siku ya kwanza. Nilipaswa kuuliza mara ya pili, wala sikuuliza. Hilo ni langu."

Hussni alikuwa bado amesimama. Alinyoosha kidole akagusa chokaa iliyodondokea kwenye kitambaa, akaisaga kati ya vidole kama afanyavyo mnunuzi.

"Nilichunga mara tatu," alisema. "Baba alikuwa akichunga mara mbili tu."

Zakia akamshika mkono ule wenye chokaa mbele ya daktari, jambo ambalo hawakuwa na desturi ya kulifanya, na hawakuachana mpaka walipofika nje.

*

Kikasha kingine hakikuwapo. "Kuanzia leo mashine ni wewe," daktari alimwambia Zakia, akampa saa yake ya mkono. "Hesabu pumzi, dakika nzima, asubuhi na jioni. Zikipanda, damu inarudi sawa. Lakini asijue. Mtu akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi bila kukusudia. Shika mkono wake, ujifanye unahesabu mapigo au unaongea."

Jumatatu, tisa. Jumatatu jioni, tisa. Siku hiyo Hussni alilibeba pipa lake la chokaa akaimwaga yote katika shimo la choo cha ghala, na majirani wakamshukuru kwa kuondoa harufu. Jumanne, kumi. Bi Barke alidai kijaluba kwa sauti, kisha kwa matusi, kisha kwa machozi, na Zakia alikaa palepale akamwambia kila kitu tangu mwanzo, ingawa hakuwa na hakika anasikia. Jumatano, kumi na moja. Alhamisi Bi Barke aliuliza kama ni kweli kwamba mwanawe kaimwaga chokaa ya babake chooni. Aliambiwa ni kweli. Akasema basi choo kile ndicho safi kuliko vyote Kismayu.

Ijumaa, baada ya adhuhuri, Zakia alimletea jani moja zima, halikukatwa, bila kitu ndani, na kopo tupu la maziwa ya unga alilolikunja ukingo usimkate midomo. Daktari alikuwa ameruhusu jani na kopo. Bi Barke alitafuna, akakunja uso.

"Nyasi," alisema. Akatema ndani ya kopo kwa shabaha ileile ya zamani, mate ya kijani, akajifuta. "Lakini kutema kwenyewe, mwanangu, nilikuwa nimekutamani."

Kisha akajilaza. Zakia akamshika mkono, akaikunja kanga yake magotini ili saa isionekane, akamtazama kifua. Nje lori la maji lilikuwa likirudi nyuma likipiga honi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala. Kanga ya Bi Barke ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, kwa mwendo wa mtu asiyekuwa na haraka.

"Unanihesabu," alisema Bi Barke, macho yamefumbwa.

Zakia alikuwa amefika kumi.

"Tangu Jumatatu unanihesabu. Wadhani sisikii midomo yako?"

"Nakuhesabu, mama."

"Umefika wapi?"

"Umeniharibia. Inabidi nianze upya."

"Basi anza," alisema Bi Barke, akaugeuza mkono wake ndani ya ule wa Zakia ili ushikike vizuri. "Mimi sina pa kwenda."

Zakia alisubiri mshale mwembamba wa saa ufike juu, akaanza tena. Alipomaliza dakika alikuwa na kumi na nne.